Kichwa cha Ramadhani na arosto ya unga: ubongo ni ule ule

Siku ya pili au ya tatu ya Ramadhani, pita mitaa ya Mji wa Kale baada ya alasiri ujionee. Mtu aliyekuwa mcheshi barazani mwezi mzima wa Shaabani, leo amekunja uso kama anayedaiwa. Kichwa kinamgonga, macho mazito, ukimwuliza bei ya sambusa anakujibu kwa ukali. Wenzake hucheka tu: "Mwacheni huyo, kahawa inamdai." Magharibi ikiadhiniwa, tende tatu, maji, kikombe cha kahawa chungu, na kabla ya isha mtu yule yule anataniana na watoto.

Sijawahi kusikia mtu huyo akiambiwa kwamba hana imani. Sijasikia mtu akipendekeza afungiwe chumbani. Tunajua ni kahawa, tunamvumilia, na baada ya wiki moja hivi kichwa kinaondoka chenyewe.

Nimeanza na kahawa kwa sababu nataka kuzungumzia unga, na nikianza na unga wengi wenu mtaacha kusoma. Tumechoka na habari za mateja. Lakini juzi mama mmoja alikuja dukani kwangu akitaka vidonge vya usingizi, vingi, bila karatasi ya daktari. Nikamwuliza ni vya nani. Akasema ni vya mwanawe. Wamepanga kumfungia nyumbani siku 20 kabla ya mfungo ili aache unga, na vidonge ni vya kumlaza usiku asipige mlango. Nilishika meza. Maneno yale nimewahi kuyasikia, tena nyumbani kwetu.

Mimi si daktari. Nina diploma ya famasia, niliyoipata zaidi ya miaka 20 iliyopita, na ninauza dawa katika duka dogo. Nitakayoyaeleza hapa si siri ya kitaalamu, ni mambo tuliyosomeshwa chuoni. Niliyasoma, nikayaandika kwenye mtihani, nikapita. Halafu siku nilipoyahitaji kwa ajili ya mwana wa ami yangu, hayakunijia kichwani. Ndiyo sababu ya makala haya.

Seli, pengo na kufuli

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na kitu tu, lakini ndani yake mna seli za neva zinazokadiriwa kuwa bilioni 86. Ajabu ni kwamba nyingi ya seli hizo hazigusani na jirani zake. Kati ya moja na nyingine pana pengo dogo sana. Seli ikitaka kusema na mwenzake, inamwaga kemikali kidogo penye pengo. Kemikali ile inavuka na kuingia kwenye vipokezi vya upande wa pili, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli. Ufunguo ukiingia, seli ya pili inaamka au inatulizwa.

Hamu, usingizi, hofu, utulivu, uchovu, raha ya kushiba, uchungu wa kuachwa, vyote vinapita katika mapengo yale. Kuna kemikali nyingi, na kila moja ina kazi zaidi ya moja. Leo nitataja tatu tu: adenosini, dopamini, na zile ambazo mwili hujitengenezea mithili ya afyuni. Ila kabla ya hizo, kuna kanuni moja inayozitawala zote, na ukiielewa hiyo umeelewa nusu ya makala.

Waliowahi kutazama mashindano ya madau kule Lamu wameona jinsi mabaharia wanavyokaa kwenye ubao unaotokeza nje ya chombo, upande unakotoka upepo. Upepo unakisukuma chombo kilale, wao kwa uzito wao wanakizuia kisilale. Upepo ukizidi, wanasogea nje zaidi. Kwa hiyo chombo kinakwenda sawa. Sasa chukulia upepo umekatika ghafla na wao bado wako nje kwenye ubao. Chombo kitalala upande wao.

Ubongo ndivyo ulivyo. Ukiusukuma kila siku kwa kitu kutoka nje, unatoa mabaharia wake wakae upande wa pili. Unaongeza vipokezi au unavipunguza, unapandisha kemikali moja na kushusha nyingine, mpaka chombo kiende sawa. Ndiyo maana kikombe kimoja hakikutoshi tena. Na ndiyo maana ukiacha ghafla, unaanguka upande wa pili.

Turudi kwenye kahawa. Tangu unapoamka, adenosini inajikusanya ubongoni, na kazi yake ni kuuambia mwili umechoka, punguza mwendo. Kafeini iliyomo kwenye kahawa, na kwenye chai pia, ina umbo linalofanana na adenosini. Inaingia kwenye vipokezi vyake na kukaa tu, haifungui kufuli, inaziba tundu. Kwa hiyo kahawa haikuongezei nguvu kama tunavyodhani, inakuziba masikio usisikie uchovu. Kwa mnywaji wa kila siku, ubongo huongeza vipokezi. Ramadhani ikiingia, kahawa ya asubuhi haipo, na adenosini inakuta vipokezi vingi viko wazi. Mishipa ya damu kichwani inatanuka, kichwa kinauma, mwili unakuwa mzito, hasira ziko karibu. Huanza kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, na huisha kwa siku chache hadi wiki, mabaharia wakisharudi ndani. Anayetaka kujiepusha na kichwa hicho apunguze kikombe kimoja kimoja tangu Shaabani. Hilo ni la bure.

Jani na hamu

Ngazi ya pili ni muguka na miraa. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi ikafuata, mahakama ikayasimamisha makatazo hayo, na tangu hapo tumebishana sana kuhusu sheria, ushuru na wakulima. Ni nadra kusikia mtu akieleza jani lenyewe linafanya nini.

Ndani ya jani bichi mna kathinoni. Likikauka, kathinoni hugeuka kuwa kitu dhaifu zaidi, na ndiyo maana magari ya miraa yanakimbia vile barabarani. Kathinoni inazisukuma seli zimwage dopamini kwa wingi kuliko kawaida. Watu husema dopamini ni kemikali ya raha. Si sawasawa. Mwanasayansi wa Sweden, Arvid Carlsson, ndiye aliyeonyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba dopamini ina kazi yake yenyewe ubongoni, na mwaka 2000 akapewa Tuzo ya Nobel. Aliwapa sungura dawa inayoikausha dopamini. Sungura wakawa hai lakini wamelala kama mizigo, hawasogei. Akawapa kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini, wakainuka. Dopamini basi ni kama msukumo. Ndiyo inayokuambia kile pale ni muhimu, inuka ukifuate. Kutaka kitu na kukipenda ni mambo mawili, na dopamini iko zaidi upande wa kutaka. Waliowahi kuishi na mraibu wanajua hili bila kusomea: anakiendea kitu ambacho amekwisha kukichukia.

Kijana akiwa na handasi, kila jambo lina maana, maneno hayaishi, usingizi umekwenda. Kesho yake msukumo uko chini ya kiwango chake cha kawaida. Kazi haina ladha, mke na watoto wanamkera, swala ni nzito, na kitu kimoja tu kinaonekana kuwa muhimu. Sisi tunamwita mvivu. Sisemi uvivu haupo. Nasema usione ajabu.

Unga

Ngazi ya tatu ndiyo iliyotuzika vijana. Mwaka 1973 watafiti waligundua kwamba ubongo wa binadamu una vipokezi maalumu vinavyopokea mofini, dawa itokanayo na afyuni. Likaja swali. Kwa nini mtoto aliyezaliwa Majengo awe na kufuli kichwani mwake inayofunguka kwa ufunguo wa ua lililoota mashambani Afghanistan? Jibu lilipatikana mwaka 1975 kule Aberdeen, Scotland, John Hughes na Hans Kosterlitz walipoonyesha kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali za namna hiyo. Mwenyezi Mungu ametuumba na dawa yetu ya maumivu ndani yetu. Ndiyo humfanya aliyejeruhiwa asisikie uchungu mpaka afike nyumbani, na huhusika pia katika ule utulivu wa mtoto anapokumbatiwa na mamake.

Heroini inaingia mlango huo huo, lakini haibishi hodi. Ikifika ubongoni inageuka kuwa mofini, inazima maumivu ya mwili na ya moyo, na inafungulia dopamini. Ila vipokezi hivyo haviko kwenye raha peke yake. Viko matumboni, ndiyo maana mtumiaji hukosa choo. Na viko kwenye shina la ubongo, pale panapoamuru mapafu yavute pumzi. Tafadhali ikumbuke sehemu hii ya mwisho.

Mtu akitumia kila siku, ubongo unatoa mabaharia wengi mno. Unapunguza utengenezaji wa dawa yake mwenyewe na unaamsha kila kilicholazwa. Sasa kete isipopatikana, baada ya saa 6 hadi 12 upepo umekatika na mabaharia wako nje. Hiyo ndiyo arosto. Kila kilichokuwa kimelazwa kinaamka kwa pamoja. Tumbo lililofunga linaharisha, mwili usiosikia maumivu unauma hadi kwenye mifupa, macho na pua zinamwagika, vinyweleo vinasimama, usingizi hakuna. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, na kwa kiasi cha wiki moja makali yanapungua. Ni kichwa cha Ramadhani kile kile, kimezidishwa mara nyingi mno.

Kufuli niliinunua mimi

Mwana wa ami yangu alikuwa mdogo wangu kwa miaka mitano. Sitamtaja jina. Alikuwa fundi wa mashini za boti, mkono wake ulikuwa mzuri, na alitumia unga miaka saba. Mwaka 2018 familia ilikaa kikao. Wakati huo methadoni ilikuwa imeshafika Mombasa, na mmoja wetu aliitaja. Ami akasema, "Tumtoe kwenye unga tumtie kwenye unga mwingine wa serikali?" Wengi wakaafiki. Ikakatwa shauri afungiwe chumba cha uani mpaka asafike.

Ami akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye elimu ya dawa hapa. Yafaa?"

"Yafaa, ami," nikasema.

Na kufuli niliinunua mimi, Digo Road.

Siku tano za kwanza jirani walifunga madirisha wasisikie. Sheikh alikuja kumsomea kila baada ya magharibi, na wallahi kisomo kilimtuliza, maana hakuna wakati mwingine alipokuwa akilala kidogo. Siku ya kumi alianza kula. Siku ya 21 tulimfungulia, amenona, amenyolewa, kanzu nyeupe. Tukaenda naye swala ya Ijumaa, watu wakampa mkono, ami akalia hadharani. Tulichinja mbuzi.

Siku nne baadaye alipita njia ya maskani ya zamani akienda kurekebisha simu. Usiku ule mamake alimsikia akikoroma kwa nguvu. Akasema alhamdulillah, leo mwanangu amelala. Alipokwenda kumwamsha kwa swala ya alfajiri alikuwa amekwisha poa. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Mtaani walisema kete ilitiwa sumu. Wengine walisema alirogwa na wenzake kwa kuwaacha. Mimi nilikaa matangani siku tatu nikijua jibu, na sikulisema.

Kwa nini alirudi

Tulidhani uraibu ni ile arosto. Tulidhani ikishatoka mwilini, kazi imekwisha. Lakini arosto ni nusu ya maneno. Nusu ya pili ni mafunzo.

Wolfram Schultz alichunguza seli za dopamini kwa nyani waliokuwa wakipewa matone ya maji ya matunda. Mwanzo seli zilishtuka tone lilipofika mdomoni. Baadaye, nyani alipojifunza kwamba alama fulani hutangulia tone, seli zikaanza kushtuka kwenye alama, na tone lenyewe likifika, kimya. Alama ikitokea na tone lisije, seli zinashuka chini ya kawaida yake. Hapo ndipo mahali pa uchungu. Kwa mdogo wangu, alama zilikuwa kona ile, sura zile, harufu ya kiberiti. Siku 21 chumbani alama hizo hakuziona hata moja. Hakuwa amezishinda. Hazikuwepo.

Kuna ushahidi mwingine mkubwa, wa wanajeshi wa Marekani waliokuwa vitani Vietnam. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini kule. Serikali yao iliogopa jinsi watakavyorudi. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorejea mwaka 1971, akakuta ni wachache tu waliorudia uraibu katika mwaka ule wa kwanza. Walirudi nyumbani, na vita, maskani na alama zote zilibaki ng'ambo. Sisi tulifanya kinyume. Tulimtibu mdogo wetu ndani ya chumba, kisha tukamrudisha mtaa ule ule, bila kazi, na maskani iko hatua mia mbili kutoka mlangoni.

Kwa nini alikufa

Sasa ile aya niliyoisoma chuoni. Mabaharia waliokaa nje miaka saba walirudi ndani ya chombo zile siku 21. Ndivyo tulivyotaka, na ndiyo maana alinona na kulala. Lakini akili yake ilikumbuka kipimo cha zamani. Kete aliyoitumia pengine haikuwa na sumu yoyote. Ilikuwa kipimo kile kile alichokuwa akikitumia kila siku mwezi uliotangulia na kuamka. Upepo wa zamani ulikikuta chombo ambacho upande wa pili hakuna mtu. Vipokezi vya shina la ubongo vilishika kazi, na amri ya kuvuta pumzi ikafifia. Kukoroma kule hakukuwa usingizi. Ni koo lililolegea na pumzi inayokatika.

Kuna jambo la pili, chungu zaidi. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake kule Kanada walichapisha utafiti wa panya waliozoeshwa heroini. Waliwapa kipimo kikubwa, wengine katika chumba walichozoea kupewa, wengine katika chumba kigeni. Katika chumba kigeni walikufa karibu mara mbili ya wale wa chumba cha mazoea. Kipimo ni kile kile. Tofauti ni mahali. Ubongo ukiona mahali pa mazoea hutanguliza mabaharia nje kabla upepo haujafika. Ukipata upepo pasipo alama, hawako tayari. Mdogo wangu hakuitumia maskani, alikuja nayo nyumbani, chumba cha uani, mahali ambapo hakuwahi kutumia hata siku moja. Huenda alifanya hivyo kwa kuona haya.

Kwa hiyo kitu kimoja kinaeleza yote mawili. Mabaharia wakitoka nje na upepo usije, ni ile tamaa inayomrudisha mtu. Upepo ukija na mabaharia hawapo, ni kifo.

Basi tufanye nini

La kwanza, usimfungie mtu na kumwachisha ghafla bila mtaalamu wa afya, na usimpe vidonge vya usingizi. Vidonge vile navyo vinapunguza pumzi, na vikikutana na unga ni hatari maradufu. Na kama kuna mtu wenu ametoka jela, hospitali, kituo cha kurekebisha tabia, au safari ndefu ambako hakutumia, mwambieni waziwazi: mwili wako si ule, kipimo cha zamani kitakuua. Wapo wanaoona kusema hivi ni kumfundisha. Mimi sikusema. Nisingejali leo kuambiwa nilimfundisha.

La pili, zijue dalili. Haamki hata ukimtikisa na kumfinya. Pumzi chache, za mbalimbali, au anakoroma kama anayekabwa. Midomo na kucha zinageuka rangi ya samawati au kijivu. Mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano. Huyo hajalala. Itisha msaada, mkimbizeni hospitali, mlazeni ubavu asipaliwe na matapishi, na pumzi ikikatika mpulizie mdomoni anayejua. Usimmiminie maji wala maziwa. Iko dawa iitwayo naloksoni. Inakwenda kwenye vipokezi vile vile, inamng'oa heroini na kukalia nafasi yake, na mtu anaweza kurudi kuvuta pumzi kwa dakika chache. Lakini yenyewe huisha nguvu mapema, hivyo hata akiamka afikishwe hospitali, maana anaweza kuzama tena.

La tatu ni methadoni, na hapa nataka nimjibu ami kwa adabu, jibu nililopaswa kumpa siku ile. Ni kweli, methadoni inaingia mlango ule ule wa unga. Lakini inaingia polepole, na hukaa zaidi ya siku nzima. Unga ni tufani inayopiga na kukatika mara tatu nne kwa siku, na kila ikikatika mtu anaiba. Methadoni ni upepo mmoja wa wastani, kutwa kucha, mabaharia hawana haja ya kukimbia huku na huko. Mtu hapati ile raha ya ghafla, hapati arosto, na anaweza kushika spana. Nchini Kenya ilianza kutolewa Nairobi mwishoni mwa 2014, na mwaka uliofuata ikafika kwetu, Malindi na Mombasa. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu wa afya. Si dawa ya kuchezea, ikinywewa na asiyeizoea au mtoto inaua, ndiyo maana husimamiwa. Kwa suala la saumu, muulizeni daktari pamoja na sheikh wenu. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini yetu, na asiache dawa kwa kujiamulia mwenyewe.

La nne, alama. Dawa itashika vipokezi, lakini haimpi mtu kazi wala rafiki wapya. Akihamia kwa jamaa mji mwingine kwa muda, akipata pa kufanya kazi, akiwa na wa kufuatana naye msikitini, hayo nayo yanaufunza ubongo upya. Anayetaka pa kuanzia apige 1192, nambari ya bure ya NACADA.

Je, huu si udhuru?

Najua yupo atakayesema kwamba ninawatafutia mateja udhuru, kwamba kila kitu sasa ni kemikali. La. Kilevi ni haramu na elimu hii haihalalishi hata punje. Kijana aliyeonja kete ya kwanza alikuwa na hiari, na aliyemwuzia ana hiari mpaka leo. Ila hiari ya siku ya kwanza si sawa na hiari ya mwaka wa saba. Inabaki, lakini imebanwa. Na kemikali hizi si kitu kilicho mbali na maisha yetu. Wale wanajeshi hawakubadilishwa vichwa, walibadilishiwa maisha, na vichwa vikafuata. Kazi yetu ni kuipanua ile hiari iliyobaki, si kusimama nje ya mlango tukimsubiri aipanue peke yake.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kujitibu, na kwamba kila maradhi yameteremshiwa dawa. Kisomo ni haki na dawa ni haki. Sheikh alifanya sehemu yake uani kwa ami. Mwenye diploma hakufanya yake.

Yule mama sikumwuzia vidonge. Nilimwekea kiti, nikamweleza habari za madau, kisha nikamweleza habari za kufuli. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza, "Kwa hivyo akikoroma nimwamshe?" Nikamwambia, "Ndio, mama. Akikoroma mwamshe." Kesho yake alikuja na mwanawe, kijana mrefu, macho chini. Nilifunga duka saa nne asubuhi tukaenda kliniki sote watatu.

Ami yangu bado yu hai, na siku hizi haoni vizuri. Makala haya nitamsomea mwenyewe kabla hajayasikia kwa watu. Mwenyezi Mungu amrehemu ndugu yetu, na awape shifaa wote walio katika mtihani huu. Amin.